Mifugo Inayokula Mkojo

Mtu wa Tarime akikwambia anafuga, unamuuliza ng'ombe wangapi. Mimi, kwa maneno ya majirani, nilifuga mawe. Sebuleni, pale ambapo wenzangu huweka kabati la vyombo, nilikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe: wanyama wa baharini wanaofanana na maua na hawaendi popote. Mke wangu hakuwahi kuiona bahari mpaka nilipomwekea hiyo, na haikumpendeza. Ilikula umeme.

Kuna kipindi matumbawe yalianza kupauka. Nikadhani ni uchafu, nikasafisha, yakazidi kupauka. Kumbe maji yalikuwa safi mno. Baharini samaki hukojoa, na amonia iliyomo kwenye mkojo huo hulisha vimwani, mimea midogo isiyoonekana kwa macho inayoishi ndani ya tumbawe, navyo huligawia chakula. Mimi nilikuwa na samaki wawili tu, wadogo kama kidole gumba, na vibofu vyao havikutosha kulisha shamba zima. Nikaagiza amonia ya chupa, nikawa nadondosha matone machache kila asubuhi. Rangi ikaanza kurudi.

Ndipo baba akaja kutoka kijijini Genkuru kung'oa jino.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hayo ni mawe gani?"

"Ni wanyama, baba."

Akainama, shavu limevimba. "Wanakula nini?"

Ningeweza kusema dawa. Nikasema ukweli. "Kile kitu cha kwenye mkojo."

"Na unanunua?"

"Nanunua."

"Mura," akasema taratibu, yaani kijana kwa Kikurya chetu, "ng'ombe wangu wanakojoa bure."

Akacheka mpaka akalishika shavu kwa maumivu. Kisha akawapigia simu baba zangu wadogo, mmoja mmoja, kuwaeleza mtoto wao msomi analisha nini.

Jino likang'olewa. Kesho yake nilikwenda kutengeneza pampu ya kisima nje ya mji. Baba alikuwa ameniona nikihesabu matone, na jambo hilo lilimkera kama mfugaji. Mifugo hailishwi kwa tone. Akaichukua chupa, akaimimina yote, akakoroga kwa fimbo yake.

Mke wangu akanipigia. "Rudi. Baba yako amelisha."

Nilimkuta baba amekaa mbele ya tangi, pamba mdomoni, ameridhika. Samaki walikuwa juu ya maji wakitweta. Matumbawe yalikuwa yamejikunja kama ngumi.

"Ona wanavyoruka," akasema. "Wameshiba."

"Hawaruki, baba. Wanakufa."

Uso wake ukabadilika. Hakujitetea. Alivua koti, akachukua ndoo. Tukawa tunachota maji mabaya na kumimina mengine, mke wangu akikoroga chumvi kwa mwiko wa ugali huku akitusema sisi wote wawili. Katikati ya hayo mchungaji wa kanisa letu akabisha hodi, amekuja kumpa mgonjwa pole.

"Tuombe kwanza?" akauliza, akitazama mafuriko.

"Beba ndoo kwanza," baba akasema.

Akabeba, na suti yake.

Samaki mmoja akafa. Baba akashauri akaangwe, maana mnyama akifa zizini hatupwi. "Si kwenye kikaango changu," mke wangu akasema, akaenda kumfukia kando ya mipilipili. Baba akamtaka mchungaji aseme neno. Mchungaji akakuna kichwa, akasema hajui asome wapi.

Baba alipaswa kurudi nyumbani wiki hiyo. Hakurudi. Kila asubuhi alivuta kiti mbele ya kioo na kukaa, kama mtu anayengoja ng'ombe azae. Tumbawe moja la zambarau liligeuka jeupe, likafa. Mengine yalibaki yamejifunga, nami nikaanza kukata tamaa. Siku moja nikiwa napiga mswaki nikasikia sauti yake:

"Mura! Huyu amefumbua!"

Nikakimbia na povu mdomoni. Ilikuwa kweli. Tumbawe la kijani lilikuwa limetoa vidole vyake vyote, na baba alikuwa amelaza kiganja juu ya kioo, machozi yamemlengalenga. Alisema ni jino.

Akaondoka. Haukupita muda akarudi na beberu mnene, akamfunga getini.

"Nimeua mnyama wako," akasema. "Huyu hapa."

"Baba, yule samaki hakufikia hata kwato ya huyu mbuzi."

"Mimi sikuuliza alifikia wapi."

Tukabishana pale getini, kila mmoja akimsukumia mwenzake kamba. Mke wangu alitusikiliza kidogo, akaingia ndani kubandika sufuria.