Khitma ya Bwana wa Habari

Juzi fundi mmoja hapa Kamembe, mpakani na Kongo, aliwasha televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, na harufu ya vumbi linaloungua ikanipiga puani. Jamani! Nikajiona kabinti ka miaka tisa, nimekaa mkekani kwa bibi yangu, tunamngoja Bwana wa Habari.

Tulimwita hivyo tu. Alikuwa akisoma taarifa ya habari ya jioni, mtu mpole, tai imepinda kidogo kila siku ya Mungu. Bibi alimwamini kuliko ndugu zake wa damu, na sababu ilikuwa moja: siku fulani yule bwana alikosea jina la kijiji, akajisahihisha, akaomba radhi mbele ya nchi nzima.

"Muntu wa kuomba musamaha ku televizio, atakudanganya juu ya nini?" Bibi aliuliza.

Sasa, baba yangu, mwana wa pekee wa Bibi, alikuwa dereva wa lori. Alipakia saruji Muganza akavuka nayo Kongo. Safari moja hakurudi. Baada ya wiki mbili akaja dereva mwenzake, akavua kofia mlangoni, akasema lori lilitumbukia mtoni na mwili haukuonekana. Majirani wakaja na mikeka yao kukaa matanga. Bibi akawazuia kizingitini.

"Muko na haraka gani ya kuzika mutoto wangu? Bwana wa Habari hajasema bado!"

Nami nikaamini, tena kwa moyo wote. Mwaka mzima nilisikiliza mawaziri, bei ya kahawa na matokeo ya mpira, na kila alipotutakia jioni njema bila kumtaja baba, nilishusha pumzi. Baba kapona leo tena. Nikala, nikalala.

Jioni moja kwenye televisheni akatokea dada mgeni, macho mekundu, akasema Bwana wa Habari amefariki. Huyu dada hatumjui, tumwamini vipi? Na mwenyewe hajasema! Nilimgeukia Bibi nikitaka akanushe. Alizima televisheni, akaifunika kitambaa chake cha kufuma, akanituma kwa Mwalimu wa madrasa. Alitaka khitma, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu.

Ijumaa nyumba ikajaa. Wanawake walinong'onezana, maana Bwana wa Habari alikuwa Mkristo na wilaya yetu nzima ya Rusizi ilijua. Jirani yetu Maman Zaina akashindwa kuvumilia.

"Maman, tunasomea Mukristo khitma?"

"Angalia pilau yako isiungue," Bibi alimjibu.

Mwalimu naye alikuna ndevu, hajui aanzie wapi. Mwishowe akauliza dua imwendee nani. Bibi akataja jina la baba yangu. La baba tu.

Nilipiga kelele mpaka watu wakasimama. "Hajasema! Hajasema bado!" Nilimchukia Bibi siku ile, nikaona ni yeye aliyemuua baba kwa mdomo wake.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza alijua tangu lini. Alisema alijua tangu ile kofia ilipovuliwa. Nikachanganyikiwa upya: basi mwaka mzima ule tulikuwa tunangoja nini?

"Ulikuwa unakula, unalala," alisema. "Ule bwana alipokufa, nani angenisaidia tena kukudanganya?"