Maputo Yaliyofuata Maji

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, na kinachonijia kwanza ni rangi zake: nyekundu, kijani, buluu, na njano iliyofifia kama taa ya chumba cha mgonjwa. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa mdogo, umevaa sweta la kaka yako lililokufika magotini, na huenda hukumbuki chochote isipokuwa rangi hizo hizo.

Jumapili hii unapata kipaimara, na desturi ya nyumbani kwetu Nkoaranga ni kwamba mkubwa mmoja hukaa na mtoto akampa maneno. Kazi hiyo ilikuwa ya Babu yako. Sasa Babu amelala kaburini nyuma ya nyumba, kwenye masale, ile mimea yetu ya mpakani, na kiti kimeniangukia mimi shangazi yako, ambaye sina mvi hata moja na bado nabishana na mahubiri kimoyomoyo. Hata methali siziamini zote. Nyingine naona zilitungwa na watu waliokwisha kushiba. Vumilia, nitakupa nilicho nacho.

Mwaka ule mvua za vuli zilichungulia tu, zikaondoka. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada yangu, kazi sina, maswali tele. Babu akaniita Msomi. "Msomi, mbona kuni zinatoa moshi?" "Msomi, ng'ombe kagoma kunywa, hebu muulize sababu." Nilihoji kila kitu: kwa nini sadaka itangazwe, kwa nini wanawake wasikae kwenye vikao vya mfereji, kwa nini mpaka uwekwe kwa masale na si kwa mti mwingine. Huyo Babu yako, ndiye baba yangu, hakukasirika hata siku moja. Alisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, kisha akanituma kukata majani ya ng'ombe.

Mfereji wetu unaujua. Unatoka juu msituni, unapita shambani kwetu, unashuka kwa Baba Anaeli, unaishia kwa Mama Elia, mjane aliyekuwa akiotesha miche ya nyanya na kabichi na kuipeleka soko la Tengeru. Kila nyumba ina zamu yake ya maji. Ikiwa zamu ni ya mwenzako, wewe unaziba mlango wako wa mfereji kwa udongo na vipande vya mgomba, maji yanapita. Lakini mwaka ule, kila zamu ya Mama Elia ilipofika, maji yalimfikia membamba kama machozi ya mtu asiye na msiba. Miche ikawa inakauka kitaluni, na ndiyo iliyokuwa shamba lake, duka lake na mume wake.

Watu wakatafuta mwizi. Wakatazama nani yuko jirani naye kwa upande wa juu, wakamwona Baba Anaeli, wakaacha kutafuta. Ilishapangwa kwamba Jumapili baada ya ibada wenye mfereji wangekaa kikao, na Baba Anaeli angenyang'anywa zamu yake. Na kwetu mlimani, mtu akinyang'anywa zamu hapotezi maji peke yake. Hata salamu anazopewa njiani hupungua uzito.

Mimi, niliyehoji kila kitu, jambo hilo sikulihoji. Baba Anaeli alikuwa na ulimi mkali, na mtu mwenye ulimi mkali ni rahisi kumwamini kuwa mwizi. Nilitaka ushahidi tu, ili kikao kiende vizuri.

Ndipo yakaja maputo. Yalikuwa yamebaki kwenye sherehe ya kipaimara cha kaka yako, pakiti ya dukani mjini, pamoja na vitaa vidogo vya betri, kila kimoja kama buni mbivu ya kahawa. Unavuta kijikaratasi, kitaa kinawaka. Unakisukuma ndani ya puto kwa kidole, halafu unapuliza na kufunga fundo. Jumamosi, mkesha wa kikao, jua lilipoanza kulala mlikaa barazani, wewe na ndugu zako, mkapuliza mpaka mashavu yakawauma. Kisha mkasimama uani, mkayarusha juu.

Yakaanguka kwenye nyasi.

Mlinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyakataza kuruka. Nikaanza kueleza habari za pumzi ya mtu na uzito wa hewa, maelezo marefu na sahihi kabisa. Wewe hukungoja niyamalize. Ulichukua lako la kijani, ukateremka nalo hadi mferejini, ukaliweka juu ya maji. Likaondoka. Lilikwenda likijizungusha taratibu, likipita chini ya majani ya magimbi, na kila jani lililopitiwa liliwaka kidogo kwa chini, kisha likazimika, kama mtu anayefungua jicho usingizini na kulifumba tena.

Hapo wazo likanijia. Jioni hiyo ilikuwa zamu ya Mama Elia. Niliwaambia tutampelekea taa mama wa watu, afurahi, na nusu ya neno hilo ilikuwa kweli. Nusu ya pili sikuisema. Maji hufuata mkondo, na puto hufuata maji, wala halina jirani linayemchukia. Litakapogeukia, ndipo maji yanapogeukia. Niliwaagiza mpulize madogo, ukubwa wa chungwa, yasikwame, na mngoje giza liguse migomba ndipo myaachie moja moja. Kisha nikashuka kuketi mpakani kwa Baba Anaeli, karibu na mlango wake wa mfereji.

Hakuchelewa kutokea.

"Shikamoo, Baba Anaeli."

"Marahaba, Msomi. Umekuja kunilinda?"

Nikasema natazama maputo ya watoto.

"Unayatazama mlangoni kwangu tu, au na kwingine?"

Aliketi upande wa pili wa mfereji, akanionyesha mlango wake kwa kidevu. Ulikuwa umezibwa. Udongo ulikuwa mbichi, na alama za vidole vyake zilionekana bado. Akaniambia niangalie vizuri, na kama nitalipeleka neno kikaoni, nizipeleke na hizo alama.

Tukakaa. Mlima ulikuwa umeshajifunika wingu lake. Chini kule taa za Tengeru zilianza kuwaka moja moja, na mimi, sijui kwa uchovu au kwa nini, niliziona kama maputo yaliyotangulia ambayo tayari yamefika. Kahawa zilinukia ubichi. Puto la kijani likaja. Likapita mbele ya mlango wa Baba Anaeli bila kusita, likaendelea chini. Likaja jekundu, nalo likapita. Halafu maji yakawa meusi, hakuna kinachokuja.

Nikasema labda watoto wamechoka.

"Watoto hawachoki na kitu kinachowaka," alisema Baba Anaeli. "Yapo mahali yanapoingia."

Na hapo nikasikia sauti yako kutoka juu, nyembamba, haina hofu wala lawama, inatoa habari tu: "Shangazi, njoo uone! Migomba ya Babu imewaka taa!"

Tulipanda pamoja, mimi na yule niliyekwenda kumkamata. Mwanangu, nimeona miji usiku, nimeona na uwanja wa ndege kutoka angani, lakini sijaona tena kitu kama kile. Maputo yalikuwa yametawanyika katikati ya migomba yetu, yakielea juu ya maji yaliyotuama hadi kifundo cha mguu. Mwanga wake ulipanda kwenye mashina na kusambaa chini ya majani mapana, buluu hapa, wekundu pale, mpaka shamba zima likawa kama nyumba yenye watu ndani. Katikati alisimama Babu yako na fimbo yake, puto la njano likimgonga gonga mguuni kama ndama.

Kisha akasogea ukingoni, akayatenga magimbi kwa fimbo. Ukingo wa mfereji ulikuwa umebomoka pale ng'ombe wetu anapovukia kila siku. Magimbi yalikuwa yameota juu ya pengo yakalifunika, na maji yaliingia kwetu taratibu, kama mtu wa nyumbani asiyebisha hodi.

Migomba yetu ilikuwa gumzo mwaka ule. Watu walipita wakaisifu, mikungu minene, majani mabichi, na hali nyasi za kila mtu zimekuwa rangi ya kamba. Ndizi zile tulizila mtori kila siku. Mimi nilihoji sadaka, nikahoji masale, wala sikuwahi kuihoji sahani yangu. Nyani haoni kundule, na methali hiyo naiamini.

Babu alisema polepole, akimtazama Baba Anaeli, "Niliona migomba imependeza, nikamshukuru Mungu. Nikaishia hapo."

Kisha akanigeukia. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na wewe, Msomi. Mtori ulikuwa mtamu?"

Sijawahi kukemewa zaidi ya hapo, shuleni wala chuoni.

Babu alikwenda mpakani akakata isale, yaani jani la masale, akalifunga fundo kama wafanyavyo wazee wanapoomba kusamehewa, akamnyooshea Baba Anaeli kwa mikono miwili. Nilidhani yule mwenye ulimi mkali angesema la kusema. Aliirudisha ile isale kifuani kwa Babu.

"Mimi nilinyimwa jina zuri," alisema. "Yule wa chini alinyimwa maji. Anza na yeye, mzee."

Basi Babu akachagua mgomba uliokuwa na mkungu mkubwa kuliko yote, akauangusha. Shina walilikatakata wakaziba pengo, Baba Anaeli akishindilia udongo kwa viganja vile vile. Mkungu akaubeba Baba Anaeli begani. Ninyi watoto mkaokota maputo mengine, mengine mkayarudisha mferejini, tukashuka kwa mstari kwenye njia nyembamba, Babu mbele na isale mkono mmoja, puto la njano mkono wa pili likimmulikia nyayo.

Mama Elia alituona tangu mbali. Alitoka mlangoni akiwa ameshika kanga kifuani.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hajafa mtu," alisema Babu. "Maji yako yalikuwa kwangu. Nimekuja kukuambia kabla ya kikao." Akamweleza habari za pengo, bila kumtaja ng'ombe zaidi ya mara moja, akanyoosha isale.

Hakuipokea. "Mche uliokauka haufufuki kwa isale, mzee wangu."

"Najua. Ndiyo maana zamu yangu ni yako pia, mpaka mvua zirudi."

Bado hakuipokea. Aliinamisha kichwa, nikadhani analia, kumbe anasikiliza. Nasi tukasikia. Kwanza mtiririko mdogo kwenye majani makavu, kisha sauti nene, ya mfereji uliojaa. Maji yakafika kitaluni kwake gizani, na juu yake maputo, moja baada ya jingine, yakaja yakasimama ukingoni mwa miche michache iliyokuwa bado hai, yakaimulika. Ndipo mama yule akanyoosha mkono akachukua isale, huku macho yake yakiwa kwenye maji.

Kesho yake kikaoni Babu alisimama kabla hajaitwa na mtu, akasema yote kwa maneno machache. Baba Anaeli alibaki na zamu yake. Salamu zake zilirudi, si zote. Kuna salamu ambazo zikishapungua huchukua miaka kujaa, na hilo nalo likumbuke. Wewe na mimi tulizunguka asubuhi kuokota vipande vya mpira na vitaa vilivyozimika, ng'ombe asije akavila.

Sasa maneno yenyewe. Mwanangu, uliza. Usimruhusu mtu akuambie kwamba imani ya kipaimara ni kufunga mdomo. Lakini swali lako la kwanza liulize sahani yako mwenyewe. Ukiona kwako kumestawi na kwa jirani kumekauka, shukuru, kisha usiishie hapo. Chukua fimbo, nenda ukatenge magimbi. Usimfanye mtu mwizi kwa sababu tu yuko karibu na hasara au kwa sababu ulimi wake ni mkali. Na ukitaka ushahidi, uwe tayari kuufuata hata ukigeukia kwenu, kwa maana ushahidi unaoukubali ukienda kwa jirani peke yake ni chuki iliyovaa miwani. Babu alipoteza mkungu mmoja jioni ile na sifa za migomba yake. Lakini nilimsikia akiimba asubuhi wakati wa kukamua, jambo ambalo hakulifanya mwaka mzima.

Mungu wa Babu yako, ambaye mimi bado nina maswali kwake na wala hajanifukuza, akulinde. Akupe kitaa kidogo kinachotosha kumulika penye magimbi ya kwenu. Zamu yako ikifika, maji yakukute macho. Ikiisha, mkono wako uwe mwepesi kuyaachia. Nenda, mwanangu, na yote yapitayo kwako yapite safi, yamfikie aliye chini yako yakiwa mengi.