Toleo la Majaribio Nililolipeleka Zahanati

Admin, nifichie jina, maana visiwa vyetu ni vidogo na watu wanajuana. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, nina mke na binti mmoja. Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za zahanati kadhaa za visiwani.

Tunatumia programu huria ya kuweka kadi za wagonjwa, inayoandikwa na mafundi wa nchi mbalimbali na kutolewa bure. Hutoka kwa namna mbili: toleo imara, lililokwisha kujaribiwa, na toleo la majaribio, ambalo bado linajengwa. Kwa kuwa mtandao wa huko ni wa kubahatisha, mimi huifunga programu na vyote inavyohitaji kuwa kifurushi kimoja, nikakitia kwenye flashi, nikakipeleka kwa boti. Vifurushi vya matoleo hayo mawili havichanganywi kabisa.

Kwenye zahanati moja kulikuwa na nesi kutoka bara, nitamwita Sista Grace. Alifanya kazi peke yake, akiandika kwa mkono tarehe za kliniki za kina mama. Siku moja aliniambia, "Kaka, nasikia kuna programu mpya inayopanga hizi tarehe yenyewe. Sisi wa mbali hatuwezi kuipata?"

Uwezo huo ulikuwa kwenye toleo la majaribio tu. Nilisoma onyo la mafundi kwamba lisitumike kwa wagonjwa halisi. Nikalifunga hivyo hivyo, na ili kompyuta ilipokee bila maswali, nikalibandika jina la toleo imara. Sista hakujua. Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Wiki ya tatu, bibi mmoja mzee, nimwite Bi Amina, aliletwa na bintiye akiwa na kidonda mguuni. Sista akatazama kadi kwenye kompyuta, akamchoma sindano ya penisilini. Alikuwa na mzio wa dawa hiyo, na kadi yake ilisema hivyo tangu zamani. Alifariki kabla ya boti ya kumpeleka hospitali kuondoka.

Nilikwenda asubuhi ya pili. Nikafungua kadi yake. Pale panapotakiwa kutokea onyo jekundu palikuwa patupu, kwani toleo lile halikuweza kusoma maonyo ya kadi za zamani. Nikaling'oa, nikaweka toleo imara, na onyo likarudi. Nilijiambia nawalinda wagonjwa wengine, na hilo ni kweli. Lakini sikumwambia mtu.

Wakaguzi walipokuja walilikuta onyo kwenye skrini, wazi kabisa. Nilikuwepo Sista alipohojiwa. Mwanzo alisema, "Sikuona kitu." Walipomgeuzia skrini alitazama muda mrefu, kisha akasema polepole, "Basi huenda niliona nikasahau. Nilikuwa nimechoka."

Hilo ndilo linaloniandama. Nilimwona mtu akiacha kuyaamini macho yake mwenyewe, nami nimesimama kando nimeshika chaja. Alisimamishwa kazi, akarudi kwao. Nasikia hataki tena kugusa sindano.

Binti wa marehemu hukutana nami sokoni, hunijulia hali ya mwanangu. Niliwahi kumpa pole tena, akanijibu kwa Kiamu, "Ndiyo ndia yetu sote," yaani mauti ni njia ya kila mtu. Na kila kadi ninayofungua kazini, macho yangu hukimbilia pale palipokuwa patupu.

Wiki hii nilimweleza mke wangu. Akasema, "Ukisema utafungwa. Na yule bibi harudi." Akainuka kwenda kuswali. Tangu hapo hanitazami usoni, na sijui kama ni kwa nilichofanya au kwa kuwa ameniambia ninyamaze.

Ndugu zangu, namba ya Sista ninayo. Nawauliza nyinyi msionijua: nianze kwake, kwa binti wa Bi Amina, au kwa wakuu wangu? Na Sista akipokea simu, neno la kwanza nimwambie lipi?