Ngoma Iliyopashwa Moto

Hapa matangani kwa mchungaji wetu, mwimbaji aliyependwa katika mji wetu mzima wa Baraka, watu wanasema wimbo wake uliwahi kuwafukuza wenye bunduki. Hilo nimelisikia tu. Nililoliona mwenyewe linanirudia sasa kwa harufu ya ngoma inayopashwa moto ili ngozi yake ikaze.

Nilikuwa mtoto, nimelala chini ya benchi kanisani. Mchungaji alikuwa akipiga ngoma na kuimba, viatu vizito vikasimama mlangoni.

“Mama, pasta iko natetemeka,” nilimnong’oneza mama.

“Wacha kumuangalia, mutoto. Itikia!”

Tuliitikia. Hatimaye viatu vikaondoka. Kwa nini, sijui. Mchungaji alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Akina mama walimwinua huku wakiimba, maana hakuna aliyethubutu kunyamaza.