Anga Nyeusi ya Filta Nyekundu

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha hali ya hewa, Tabora, Mkuu wa Kituo hakuniuliza hata cheti. Alinikabidhi kamera, akanyoosha kidole juu. Nilikuwa nimetoka studio ya picha ya baba yangu, mtaa wa Kanyenye, nimezoea kupiga maharusi, nikamwomba filamu ya rangi.

"Rangi waachie maharusi, binti," alisema. "Wingu tunataka umbo lake."

Alikuwa na sababu. Miaka ile vijiji vya ujamaa vilipokuwa vikianzishwa, filamu ya rangi ilipelekwa Dar es Salaam kusafishwa, ikarudi baada ya miezi miwili. Ya nyeusi na nyeupe niliisafisha mwenyewe stoo, siku ileile. Taabu yake ni kwamba buluu ya anga hutoka nyeupe, na wingu nalo jeupe, huoni kitu. Dawa yake ilikuwa filta nyekundu, kioo cha kufunga mbele ya lenzi. Kioo hicho huizuia buluu, anga ikatoka nyeusi tii na wingu likang'aa. Ndiyo maana Mkuu aliweka kanuni: nyuma ya kila picha andika saa, upande, na filta uliyotumia.

Kiburi cha kazi nilikuwa nacho, sifichi. Asubuhi moja nilipiga vifungu vya mawingu madogo, vile visivyo na mvua hata tone. Kabatini kulikuwa na filamu moja ya rangi, nikaiacha, nikafunga filta. Picha ilitoka nzuri mno. Bwana Shamba wa kijiji kimoja cha upande wa Urambo alipita kituoni, akaiona, akaiomba. Nikampa bila kuandika kitu nyuma, nisije nikaichafua kwa wino. Nilidhani ameipendea uzuri.

Kijijini humo shangazi yangu alisimamia vitalu vya tumbaku. Kila nikimtembelea aliniuliza habari za mvua kwanza, ndipo habari za nyumbani. Wiki mbili baadaye nikapanda treni kwenda kumsalimia, kwenye reli ile iliyofuata njia ya misafara ya zamani. Nilikwenda moja kwa moja shambani. Miche yote ilikuwa imehamishiwa kwenye matuta, na yote imekauka. Udongo ulikuwa vumbi tupu. Mlangoni pa ghala palibandikwa picha yangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mvua yako haijafika."

Kumbe Bwana Shamba aliwaambia mvua imeshapigwa picha Tabora, anga yote nyeusi, kesho kutwa iko kwao, watoe miche vitaluni. Nikaitoa filta mkobani, nikampa aitazamie anga. Aliiweka jichoni, akaiondoa, akaiweka tena.

"Wazee walikataa kupanda, mwanangu," alisema taratibu. "Waliangalia juu, wakaona kweupe. Mimi ndiye niliyewaambia picha hii kaipiga mtoto wa kaka yangu, hawezi kutudanganya."

Nilirudi nikamweleza Mkuu yote. "Nilikwambia uandike," alisema, basi. Kisha akafungua kabati, akanipa ile filamu ya rangi, akanirudisha Urambo nikapige yale matuta. Picha iliporudi kutoka Dar es Salaam aliitundika juu ya mlango wa stoo: miche ya kahawia chini ya anga ya buluu.

Nilihamishiwa Kigoma, kisha Mbeya, nikarudi Tabora nikiwa Mkuu wa Kituo mwenyewe. Wafanyakazi wapya waliuliza picha ya tumbaku inatafuta nini kwa watu wa mawingu, nami niliwaambia waigeuze wasome nyuma: saa sita mchana, upande wa mashariki, bila filta. Vijana wa leo simu zenu hupiga rangi zote, na bado mnatuma picha bila kusema ilipigwaje.

Shangazi alinisamehe, tukala naye sikukuu nyingi. Lakini mpaka anafariki, hakuniuliza tena habari za mvua.