Rimu Iliyojibiwa Kutoka Baharini

Asubuhi imeshaingia, jua halijaonekana. Ukungu umelala juu ya maji, hata ncha ya gati imemezwa. Mwanamke wa makamo anaweka ufagio chini, anashika nyundo na kugonga rimu ya lori iliyoning'inizwa pale. Pigo moja zito, kimya, mawili mepesi. Kisha anatega sikio.

Mama Gati, kama abiria wanavyomwita, ameajiriwa kufagia. Kugonga rimu amejitwisha mwenyewe, tangu meli za kivita za kigeni zije kufanya mazoezi karibu na mpaka wa bahari. Zikianza tu, mtambo wa kuonyesha njia kwenye kivuko unarukwa na akili. Siku moja ulionyesha kivuko kiko makaburini, nyuma ya soko, abiria wote wamo ndani.

"Nilicheka," anasema. "Halafu nikakumbuka nahodha ni mdogo wangu, tumbo moja. Kicheko kikanikauka."

Wakubwa wa bandari walimtuliza: meli ziko upande wa pili, mpaka haujavukwa. Akawauliza kama mawimbi ya mitambo ya meli hizo nayo yanaujua huo mpaka.

Basi nahodha akawa anaifuata rimu ya dada yake ili akwepe miamba. Mambo yakaenda, mpaka asubuhi ile rimu ilipojibiwa na rimu.

"Pigo zito, kimya, mawili mepesi. Kutoka baharini," anasimulia, sauti ikishuka. "Na kule hakuna gati, mwanangu. Hakuna hata jiwe la mtu kusimama."

Nahodha alishaifuata. Abiria mmoja aliposikia maji yakipasuka mwambani ndipo akapiga kelele, kivuko kikarudi nyuma. Nahodha anasema kengele zilikuwa mbili, na ya uongo ililia vizuri kuliko ya kweli. Wapo wanaosema meli zile hunasa sauti na kuzirudisha, kujaribu mitambo yao. Wapo wanaosema mengine, ila hao hawamalizi sentensi.

Siku hizi rimu inaita tu; ili kutambuana, ndugu hawa wawili wanatumia vipaza sauti.

"Kitendawili!" sauti ya nahodha inasikika ukunguni.

"Tega!" anajibu dada.

"Bibi yetu wa kona, akiguswa analalamika, asipoguswa haingii mtu."

"Mlango wa jikoni!"

Honi inalia. Kivuko kinaelekea kwake. Vitendawili hivyo alivitunga marehemu mama yao kuhusu nyumba yao, na majibu wanayajua wao tu. Hakitegwi kimoja mara mbili, maana kilichokwisha kujibiwa, bahari imeshakisikia.

Abiria wanashuka, wakimtania kwamba mwaka huu mfagiaji amekuwa mwalimu. Anacheka nao. Nyuma yao, ndani ya ukungu, sauti kama yake inasema polepole, "Mlango wa jikoni."

Mama Gati anaokota ufagio. Vitendawili vya mama vinakaribia kuisha, anasema, kwa hiyo akifagia anatunga vipya, na jioni anamnong'oneza mdogo wake majibu, dirisha likiwa limefungwa. Anachoomba ni meli ziondoke kabla akili haijamwishia.

"Kujibu, bahari imejifunza," anasema. "Mradi isijifunze kutega."