Sufuri za Mwamini

Mwamini Abdalah alisoma kipimamvua cha Kibiti miaka kumi na minne. Kila siku saa tatu asubuhi, iwe harusi iwe msiba, alifungua lile kopo nyuma ya shule, akamimina maji kwenye bilauri ya kupimia, akaandika kwenye kadi. Isiponyesha aliandika sufuri.

Vuli ya tisini na sita ikagoma. Sufuri zikajaa kadi. Mimi Biasha, muuza vitumbua jirani yake, roho ikaniuma. Ulikuwa wakati wa watu kupunguzwa kazini: karani wa ushirika kapunguzwa, bwana shamba kapunguzwa. Huyu wa sufuri watamwacha kwa lipi? Basi asubuhi moja nikapita na ndoo yangu, nikamtilia kata moja ya maji koponi.

"Mbona ardhi kavu?" Mwamini akashangaa alipolifungua.

"Mvua ya kupita, shoga. Ulikuwa umelala fofofo."

Akaniamini. Akaandika milimita ishirini na mbili.

Mwezi uliofuata akaja Bwana Haitham wa hali ya hewa kutoka Dar, na picha ya siku ile iliyopigwa na setilaiti. Pwani yetu wazi kabisa, wingu hakuna.

"Bi Mwamini, mvua hii ilitoka wapi?"

Nikadakia, "Setilaiti ni ya Wazungu. Ya Kibiti watayajulia wapi?"

"Ni yao, mama, ila picha wanazigawa kwa nchi zote. Nasi tunawapa vipimo vya ardhini. Setilaiti inaona wingu. Maji yaliyofika ardhini anayapima Bi Mwamini. Namba ya uongo inawapoteza wote. Kituo kisichoaminika tunakifunga."

Mwamini akainama. Sikuweza kuvumilia.

"Aliyetia maji ni mimi. Nifungeni mimi."

Haitham alicheka hadi akakaa chini. Akaikata ile ishirini na mbili kwa wino mwekundu, akamrudishia Mwamini kadi zake.

"Sufuri nayo ni habari, mama. Wanaihitaji kama mvua."

Mwamini alininunia siku nne. Ya tano akaja.

"Vitumbua sita. Na ndoo yako ipitishe njia ya msikitini, si ya shuleni."

Mwaka uliofuata zikaja zile mvua kubwa. Asubuhi moja bilauri ilijazwa tena na tena: milimita mia moja thelathini na moja. Kalamu ikasita.

"Hawataniamini, Biasha."

"Wewe andika."

Kadi ikaenda Dar. Hakuja mtu kuuliza. Zilikuja kadi mpya za mwaka mzima.